Vifungo vya Manang Remy

Kiti mtakachokirithi katika ofisi ya zamu kina mguu mmoja mfupi. Nimekikalia karibu miaka kumi nikidhani ni mimi niliyepinda. Wekeni kipande cha kadibodi chini ya mguu wa kushoto wa nyuma na mtakaa vizuri. Ukutani, juu ya meza, mtaona matundu manne ya misumari. Hayo msiyazibe. Palikuwa na ubao pale, na ubao huo ndio ulionifanya nikae kuandika, maana nyinyi mnaoanza kazi sasa mmeikuta kompyuta na mnadhani zamu za wauguzi zimepangwa hivyo tangu Adamu.

Shangazi yangu hucheka kila nikisema nimestaafu. "Mstaafu wa miaka thalathini na kitu! Hata mvi moja huna." Aseme atakavyo. Mtu hustaafu anapokuwa hana tena cha kuipa kazi, au kazi inapokuwa haina tena sikio la kumsikiliza. Mimi ni wa hao wa pili. Habari za mshahara na vyeo naziacha. Havikuwa vya kuhadithiwa.

Nilianza katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu kule Al Khoudh na shahada ya Kiingereza, pamoja na tabia ya kuliwaza jambo mpaka linachacha. Hospitali yetu, kama mnavyoijua, iko upande wa Wadi Kabir. Hutibu mafundi wa gereji na vibarua, na pia watu wenye nafasi zao wasiopenda kungoja foleni za serikali. Wauguzi wengi walikuwa Wafilipino. Bwana wa ofisi ya wafanyakazi alinieleza kazi yangu tukiwa tumesimama ukumbini: nipange zamu, nisikilize malalamiko, nisimletee.

"Wafilipino wana lugha yao, Kifilipino," alisema. "Wenyewe kwa wenyewe wanaelewana. Wewe wape Kiingereza tu."

Mimi nikaona si adabu kuwapa Kiingereza kitupu. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza nilimwendea dada mmoja Mfilipino aliyekuwa akitengeneza nywele karibu na kwetu Ansab, akanifundisha kusema habari za asubuhi, pamoja na kijineno cha heshima kinachotiwa mwisho. Njia nzima, baba akiendesha, nilikuwa nikiirudia salamu ile chini kwa chini. Tulipofika langoni baba akasema, "Amin." Alidhani nasoma dua.

Nikaingia chumba cha wauguzi, nikaitoa salamu yangu. Wachache wakaitika kwa furaha. Wengine wakatazamana. Mama mmoja mnene wa makamo, aliyekuwa akikunja mashuka madogo ya kitanda cha mtoto, alisema bila kuinua macho, "Umewasalimu wa Manila. Sisi wengine bado tunangoja."

Ndani ya wiki ile sikupata raha. Nilijiuliza kama nimewatukana, kama nimeonekana napendelea, kama yule mama atakwenda kunishtaki, na kama akinishtaki nitajibu kwa lugha gani. Mwishowe nikamfuata kantini kumwomba radhi. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Radhi ya nini? Kaa."

Huyo ndiye Manang Remy, msimamizi wa wauguzi wa wodi ya wanawake, na ndiye mwalimu wangu. Manang si jina lake. Kwao Ilocos, kaskazini, dada mkubwa huitwa hivyo, na mdogo huitwa *ading*. Wa Manila wanasema *Ate*. "Ukiniita Ate nitaitika," aliniambia, "lakini nitaitika kama mtu anayeitwa dirishani benki." Nikamwita Manang tangu siku ile, naye akaniita ading.

Tulizungumza Kiingereza, pamoja na Kiarabu chake cha wodini ambacho kilikuwa chote amri: lala, geuka, meza, usiogope. Alinieleza kwamba mtoto wa kwao huanza na lugha ya mama yake, akaokota nyingine sokoni, akapata Kitagalogi, lugha ya Manila, kwenye televisheni na Kiingereza shuleni. Lugha zenyewe hazifanani kiasi cha mtu kubahatisha. Mtu wa Ilocos na mtu wa Samar, kila mmoja akishika ya kwao, ni kama mimi na Mbaluchi. Na juu ya hayo yote, wakitaja saa na bei ya samaki, hutumia hesabu walizoachiwa na Wahispania.

"Sasa zote hizo za nini?" nikauliza.

"Kila moja ina kazi yake. Nyinyi kwenu hamna hivyo?"

Nikafikiri. Kwetu Ansab, ingawa nchi ni ya Waarabu, Kiarabu kilikuwa cha wageni na makaratasi. Kiswahili kilikuwa cha kupika, kugombana na kuuguzana. Bibi yangu, aliyezaliwa Unguja, aliomba kwa Kiarabu na akalalamika kwa Mungu huyo huyo kwa Kiswahili. Na chuoni, wasichana waliotoka mikoa ya ndani walikuwa wakinitaka niseme maneno fulani ya Kiarabu ili wacheke nilivyoyatamka. Nilikuwa nikiyasema. Nilidhani ndio urafiki.

"Tunayo," nikamjibu.

"Basi huna haja ya kufundishwa," akasema. Lakini alinifundisha.

Kwanza alinipeleka hosteli ya wauguzi, pale Wadi Kabir juu ya maduka ya vipuri. Ofisi ilikuwa imewapanga vyumba kwa namba za vitambulisho. Wenyewe walikuwa wamehama kimya kimya, kila lugha na chumba chake. Ukipita ukumbini ulibadilisha nchi kila mlango. Wale wa Iloilo wana lafudhi laini kama mtu anayembembeleza mtoto, na siku ile mmoja wao alikuwa mlangoni akimsemesha mwenzake kwa sauti tamu sana. Nikatabasamu, nikamwambia Manang inapendeza kusikia watu wakipendana.

"Anamwambia amemwibia sabuni na atakufa maskini," Manang akasema.

Ndani, jikoni, nilimwona kwa mara ya kwanza Merlinda. Alikuwa binti mwembamba, mgeni, wa kutoka Samar, na lugha yao ni Kiwaray. Alikuwa akiomba chumvi kwa Kitagalogi, na wenzake wa Manila wakawa wanamwigiza anavyotamka. Mmoja wao, Tess, hodari wa kazi na wa ulimi pia, alikuwa amelificha kopo la chumvi nyuma yake.

"Sema tena, Inday! Hivyo hivyo ulivyosema. Kama mtumishi wa kwenye sinema!"

Inday kwao Merlinda ni "binti" tu, lakini Manila huitwa hivyo mtumishi wa nyumbani. Merlinda akarudia. Wakacheka. Akarudia tena, na yeye mwenyewe akicheka, kisha akala wali wake bila chumvi. Nilijua kicheko kile. Nilikuwa nimekiacha Al Khoudh.

Kesho yake Manang alinionyesha ubao. Ulikuwa ubao wa kawaida wa mbao, na misumari midogo imepigwa kwa safu, kila safu zamu moja. Kwenye misumari zilitundikwa kadi za majina, na kwenye kila kadi kilishonwa kifungo cha nguo. Vyeupe vilikuwa vya Kitagalogi, vya buluu vya Kibisaya, vyekundu vya Ilocos, vya njano vya Iloilo. Merlinda alikuwa na cha zambarau, peke yake.

"Panga unavyotaka," akaniambia. "Angalia likizo, angalia nani mgonjwa, angalia nani hapatani na nani. Lakini kifungo kisikae peke yake. Kila zamu, kila mtu awe na mwenziwe wa lugha moja."

Nikauliza kwa nini, maana kazini wote wanasema Kiingereza. Akaweka kalamu chini.

"Ading, joto la mgonjwa nitakwambia kwa Kiingereza. Presha nitakwambia kwa Kiingereza. Kitu nilichokiona, nilicho na uhakika nacho, nitakwambia. Lakini kuna saa unamwangalia mgonjwa na kila kitu ni sawa, na moyo unakataa. Hicho hakina neno la shuleni. Hicho unakwenda kumnong'oneza mtu wa kwenu, ovyo ovyo, bila kuogopa kuonekana mjinga. Yeye anakuja kuangalia. Mkiwa wawili mnaweza kumwita daktari. Ukiwa mmoja unanyamaza."

"Na huyu wa zambarau?"

"Nimemweka na Dolor. Dolor ni Mbisaya lakini kakulia Leyte, mpakani na Wawaray. Anamwelewa."

Sitawadanganya kwamba niliamini papo hapo. Mimi kila kitu hukigeuza mara saba. Lakini haikupita muda nikaona kwa macho. Fundi mmoja wa gereji aliletwa tumbo linamuuma, akapewa dawa, akatulia. Presha nzuri, joto zuri. Muuguzi aliyekuwa naye wodi ya wanaume, wa kifungo cha buluu, akamsemea mwenzake jambo walipokutana kwenye beseni la kunawia mikono, kwa Kibisaya, huku akikunja uso kama mtu anayelalamikia viatu. Mwenzake akaenda kumtazama. Kisha wakaenda wote wawili kwa daktari. Fundi akapelekwa kupasuliwa mchana ule ule na daktari akasema wangechelewa kidogo tu angekufa. Nikamuuliza yule wa kwanza alisema nini kwenye beseni. Akaona haya. "Nilisema tu huyu ananiudhi alivyolala."

Hapo ndipo nikaanza kuupanga ubao kama mtu anayesoma. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa hiyo, na niliifanya vizuri. Nilikuwa na wasiwasi wa kila kitu kingine duniani, kuanzia leseni ya gari hadi siku ya kiyama, lakini siyo wa ubao.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, tukaletewa Mkurugenzi wa Uuguzi mpya. Jina lake halina faida hapa. Alikuwa mtu msafi, mwenye heshima, aliyetembea na kalamu tatu. Alipita wodini siku chache akarudi na mambo mawili. La kwanza: Kiingereza peke yake, kuanzia mlango wa wodi hadi beseni. La pili: watu wa lugha moja wasiwekwe zamu moja, kwa sababu wanafanya makundi. Zamu zitapangwa na kompyuta.

Manang alikwenda kumwona, nami nikiwa nyuma yake na faili nililolishika kwa ajili ya kuwa na kitu cha kushika. Akamweleza kama alivyonieleza mimi. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililonitia matumaini.

"Lakini wote ni Wafilipino," akasema. "Wana lugha ya taifa." Akamgeukia Tess, ambaye wakati ule alikuwa ameshapandishwa cheo na alikuwa mle ndani. "Sivyo?"

"Ndivyo," Tess akasema. "Sote tunajua Kitagalogi, Manang. Ni mambo ya vijijini haya. Tutaaibika mbele za watu mpaka lini?"

"Sijasema hawakijui," Manang akajibu. "Nimesema hawanong'oni kwa hicho."

Mkurugenzi akaomba apewe maandishi: utafiti, takwimu, chochote. Manang akasema ana vifungo. Mkurugenzi hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Aliandika kitu kwa moja ya kalamu zake, na baada ya siku chache mafundi wakaja kuung'oa ubao. Manang akahamishiwa ghala la vifaa, jengo la nyuma, kuhesabu glavu.

Sasa niwahadithie Bi Zeyana.

Bi Zeyana alikuwa bibi wa Kizanzibari wa Al Khoudh, mjane, aliyeletwa amevunjika nyonga. Alipasuliwa salama. Kiarabu chake alikuwa nacho, lakini maumivu yalipomshika kilimtoka, akabaki na Kiswahili cha Unguja, na chote ni cha kufoka. Aliyepangiwa kitanda chake alikuwa Merlinda. "Taratibu we mtoto, miye si zulia la kukung'utwa!" Bibi akifoka. "Nna mifupa miye, sina mbao!" Na Merlinda, ambaye kwa wenzake alikuwa bubu, akawa anamjibu kwa Kiwaray, kwa sauti ile ile, huku akimgeuza na kumpaka dawa mgongoni. Hawakuelewana neno. Walisutana hivyo asubuhi na jioni, na wote wawili walikuwa na furaha. Nilipopita Bibi aliniambia, "Huyu mwembamba ndiye wangu. Hao wengine wananichekea tu."

Siku ile mimi sikuwepo wodini. Nilikuwa nimepelekwa kwenye mafunzo ya ile programu ya kompyuta. Yaliyotokea alinieleza Merlinda mwenyewe, na Dolor akathibitisha kwa upande wake, maana kompyuta ilikuwa imemtupa Dolor wodi ya wanaume.

Merlinda alimkuta Bi Zeyana mchana ametulia. Presha sawa, joto sawa. Akamgeuza. Bibi hakufoka. Alimshika mkono akasema neno moja la upole. Merlinda alinirudishia neno lenyewe alivyolisikia, na lilikuwa *ahsante*. Akaogopa. Hakujua anaogopa nini. Akaenda kwenye dawati la wauguzi akasema kwa Kiingereza kwamba mgonjwa amebadilika.

"Amebadilika vipi?" Tess akauliza. "Joto?"

"Hapana."

"Presha?"

"Hapana. Amekuwa... mzuri."

Wakacheka. Si Tess peke yake, dawati zima. "Mgonjwa amekuwa mzuri!" mmoja akasema. "Tumwite daktari haraka, kuna mtu amepona!" Na Tess akasema, siyo kwa ubaya, kwa mazoea tu, "Sema tena, Inday. Kwa lugha ya watu."

Safari hii hakurudia. Alikwenda wodi ya wanaume kumtafuta Dolor, lakini Dolor alikuwa ndani na daktari. Akashuka mpaka ghala la vifaa kumtafuta Manang. Manang alikuwa ameitwa upande mwingine kupokea mzigo. Merlinda akarudi wodini akakaa ubavuni mwa Bi Zeyana, akamshika mkono, akamsemesha Kiwaray ili amfokee. Hakumfokea. Kabla jua halijazama, pumzi ya Bibi ikakatika kwa ghafla. Daktari alisema damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Alisema pia kwamba pengine hata wangejua mapema isingesaidia. Neno hilo *pengine* nimeligeuza tangu siku ile na bado halijakaa.

Kukawa na kamati. Walitaka kujua kwa nini muuguzi hakumwita daktari. Merlinda alijibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hakuwa na la kusema zaidi ya kwamba mgonjwa alikuwa mzuri. Manang akaitwa, akaeleza habari ya vifungo, wakaandika "mila". Kisha mimi, nikaomba kusema kwa Kiarabu ili wanisikie kama mtu wao. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku mbili. Sikufika mbali. Mwenyekiti akatabasamu tabasamu ninalolijua.

"Binti, wewe wa Zinjibari?"

"Mimi ni wa hapa."

"Najua, najua. Kama Kiarabu kinakupa taabu, sema Kiingereza."

Nikasema Kiingereza. Nilisema yote niliyokuwa na uhakika nayo: ratiba ya zamani, ratiba mpya, nani alihamishwa lini. Yalikuwa sahihi na hayakuwa na maana yoyote. Lile nililotaka kuwaambia lilibaki kooni kwa Kiswahili, na chumbani mle hapakuwa na wa kumnong'oneza.

Kamati ikaona tatizo ni upungufu wa Kiingereza. Wauguzi wote wakapelekwa kozi. Mkataba wa Merlinda haukuendelezwa. Tess alimsindikiza uwanja wa ndege, akalia kuliko mtu yeyote, na kesho yake akaja kazini. Manang hakungoja kuondolewa, aliandika barua mwenyewe. Siku ya mwisho alikuja ofisini kwangu na kopo la maziwa. Ndani yake vilikuwemo vifungo vyote, amevikata kwenye kadi kwa mkasi wa nyuzi.

"Siku wakitaka kusikia, utawapanga upya," akaniambia.

"Na wasipotaka?"

"Basi ni vifungo, ading. Shona koti."

Nilibaki miaka mingine michache, nikiifuata kompyuta. Nilijaribu kuidanganya mara kwa mara, nikabadilisha zamu kwa mkono, nikaonywa, nikaonywa tena. Mwisho nikachoka kuonywa.

Kopo liko droo ya chini. Ufunguo hukwama, inueni droo kidogo kwa goti. Msiseme hamkuambiwa. Wauguzi wa sasa wana lugha nyingi kuliko zamani, wapo hadi Wamaranao, na rangi za vifungo hazitatosha, nunueni nyingine sokoni. Hamhitaji ruhusa ya mtu kumwekea mwenzenu mtu wa kwao zamu moja, ila fanyeni kimya kimya.

Na mkipita mapokezi, litazameni lile bango kubwa mnalolipita kila siku, lililoandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza TUNAZUNGUMZA LUGHA YAKO. Chini pana safu ya lugha. Kiswahili hakimo. Wafilipino wamepewa moja, Kifilipino. Muuguzi mwembamba kwenye picha, mwenye kofia nyeupe, ni Merlinda. Walimpiga picha mwaka aliofika, nami nilikuwepo. Ametoka vizuri. Mpiga picha alimwambia afunge mdomo, atabasamu tu.